Usawa na uraia mwema shule ya msingi: maswali ambayo wazazi na walimu wa Nakuru wanauliza kila muhula

Haya maswali nimeyatoa kwa mikutano ya wazazi, grupu za WhatsApp za madarasa na stafurumu, ni yale yanarudi kila muhula hata kama yalijibiwa muhula uliopita. Mimi nafundisha Soshal, yaani somo la jamii, kwa shule ya msingi ya serikali hapa Nakuru, upande wa Kaptembwa na Rhonda, ya kutwa na ya mchanganyiko. Wenzangu wa Kisumu na Kakamega wananiambia kwao ni yale yale. Kama jibu liko mahali pengine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya kuanzia

Haya maadili mnasema kila siku ni gani hasa?

Kwa CBC, mtaala wetu wa umilisi, yako 8: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Hayakutoka kwa kichwa cha mwalimu. Ukiyaweka kando ya Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010, kile cha maadili ya kitaifa, utaona ni ndugu, juu huko pia kuna uzalendo, umoja, utu, usawa, kutobagua na uadilifu.

Shule nyingi zimeyaandika kwa manila na kuyabandika ukutani kando ya taimtebo, na kusema kweli hakuna mtoto anasimama hapo kuyasoma. Mtoto anasoma vitu vingine: nani anatumwa maji, nani anashika funguo, jina la nani linachekwa rejista ikiitwa. Ndio maana majibu mengi hapa ni ya rosta na foleni na madawati.

Kuna somo lake ama ni mahubiri ya paredi tu?

Somo liko. Kuanzia Gredi 4 kuna Soshal, na ndani yake mambo ya uraia, uongozi na haki za watoto. Gredi 1 hadi 3 wanayagusa kwa shughuli za mazingira na za dini. Tena uraia ni kati ya zile umilisi 7 za CBC, kwa hivyo hata mwalimu wa Hesabu anafaa kuwa na mahali pa maadili kwa mpango wake wa kipindi, asiseme hiyo ni kazi ya mtu wa Soshal.

Paredi na bendera ni sawa, lakini mtoto anaweza kuimba beti zote tatu za wimbo wa taifa na bado akamsukuma mwenzake kwa foleni ya githeri dakika chache baadaye.

Usawa maana yake kila mtoto apewe kitu sawa na mwenzake?

Hapana. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kubagua mtu kwa jinsia, ujauzito, afya, kabila, rangi, umri, ulemavu, dini, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa na mengine, halafu kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ichukue hatua za kuinua wale waliachwa nyuma. Kwa darasa ni hivi: mtoto haoni ubao vizuri, anakaa mbele. Wa kiti cha magurudumu, darasa lake linahamishiwa chini. Yule mwingine hajaibiwa chochote.

Si hii ni kazi ya mzazi na kanisa?

Ni ya wote. Ila nyumbani na kanisani mtoto yuko na watu wake, na shule ya serikali ndio mahali atakaa dawati moja na mtoto wa dini ingine na lugha ingine, mwaka mzima, wakigawana rula.

## Wavulana, wasichana na ufagio

Mbona wasichana ndio wanafagia na wavulana wanabeba madawati?

Juu hakuna mtu alikaa chini akaandika rosta. Kazi ikiachwa ijigawe yenyewe inafuata venye inafanywa nyumbani. Angalia Ijumaa mchana, mwalimu anasema darasa lisafishwe, kabla amalize sentensi wasichana washashika mifagio na ndoo, wavulana wawili watatu wanapandisha viti juu ya madawati halafu hao, uwanjani, na mpira wa matambara. Wasichana wakimaliza kupiga deki muda wa mchezo umeisha. Sasa zidisha hiyo kwa miaka yote mpaka Gredi 6, utaona msichana amenyang'anywa saa ngapi za kucheza, na mvulana anatoka hapo hajui hata kukamua tambara.

Dawa yake ni karatasi. Andika majina kwa safu za madawati, usigawe kwa jinsia, kila safu iwe na wiki yake ya kufagia, ya kuteka maji, ya kumwagilia miti. Halafu, na hii ndio watu wanasahau, weka kwa rosta hiyo hiyo zile kazi za heshima: kushika funguo, kupiga kengele, kupeleka rejista ofisini, kukusanya vitabu. Ukigawanya ufagio tu na funguo zibaki kwa mvulana mmoja mrefu, bado haujafanya kitu. Wiki za kwanza kutakuwa na kicheko na manung'uniko, baadaye wanazoea. Chunga tu ile biashara ya mvulana kumpa msichana biskuti amfagilie zamu yake, hiyo iko sana.

Na sisi walimu tuache kusema "nataka vijana wawili wenye nguvu." Gredi 5 na 6 wenye nguvu mara nyingi ni wasichana, wamewapita wavulana kwa kimo.

Nyanya yake anasema mvulana akiosha vyombo anaharibika. Nimjibu nini?

Mpe heshima yake, usibishane naye. Shuleni kila mtoto anaosha sahani yake baada ya chakula na mpaka leo wote wanarudi nyumbani wakiwa wazima.

Ni kweli pedi ni za bure?

Kisheria ndio. Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa 2017, ikasema kila msichana aliyebalehe kwa shule ya umma apewe pedi za bure na za kutosha, na kuwe na njia salama ya kuzitupa. Kwa ground mambo si laini hivo, saa zingine zinakuja, saa zingine muhula unaisha kabla zifike. Uliza kwa mkutano wa wazazi: zimekuja ngapi, na ziko wapi? Kama ziko kwa kabati ya ofisi ya hedi mwanaume, hakuna msichana wa Gredi 6 ataenda kubisha huko, afadhali zikae kwa mwalimu wa kike ambaye watoto wanamzoea.

Hedhi ifundishwe wavulana wakiwa ndani ya darasa, wasitolewe nje, juu ukiwatoa umewaambia hapo kuna kitu cha kuchekwa.

Msichana akipata mimba anafukuzwa?

Hapana. Mwongozo wa wizara wa 2020 unataka msichana aruhusiwe kuendelea na arudi baada ya kujifungua. Hedi anayesema "ataharibu wengine" hana sheria ya kumsaidia. Tena mtoto wa chini ya miaka 18 kupachikwa mimba ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kwa hivyo soma pia swali la kuripoti kwenye sehemu ya nidhamu.

Tuwape watoto mfano gani wa kiongozi mwanamke wa huku kwetu?

Grace Onyango, mimi huanza naye kila mwaka. Alikuwa mwalimu, akawa meya wa Kisumu 1965, halafu 1969 akachaguliwa mbunge wa Kisumu mjini, mwanamke wa kwanza kuingia bunge la Kenya kwa kura. Watoto wakiuliza wa sasa, Nakuru iko na Susan Kihika na Homa Bay Gladys Wanga, wote walishinda ugavana 2022. Kuna kijana wa Gredi 4 aliniuliza kama mwanaume pia anaruhusiwa kuwa gavana wa Nakuru, nikamwambia ajaribu tu.

## Kabila na lugha

Diski bado inaruhusiwa?

Kwa ambao hawakuipitia: ni kipande cha ubao kwa kamba, unavalishwa shingoni ukipatikana ukiongea lugha ya mama, unakaa nayo mpaka umkamate mwingine, na jioni wa mwisho kuivaa anaadhibiwa. Shule zingine bado wanayo, wengine wameibadilisha jina tu.

Iondoeni. Kifungu cha 7 cha Katiba kinataka lugha za jamii zote zilindwe na kukuzwa, cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Tena sera ya elimu yenyewe inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ikiwa Nyakach kule Kisumu ni Dholuo, ikiwa hapa Nakuru mjini ni Kiswahili. Ubaya mwingine ni kwamba diski inafundisha ujasusi, mtoto anatega sikio si ili amsikie rafiki yake, ni ili amshike. Hapo unajenga umoja gani? Ukitaka waongee Kiingereza, ongea nao Kiingereza.

Kuna kitu kimoja tofauti. Watoto wawili wakiongea lugha yao mbele ya wa tatu asiyeelewa, hapo waambie wamtafsirie mwenzao. Hiyo ni adabu tu, haihitaji adhabu.

Mtoto wangu amekuja nyumbani akiita kabila lingine jina baya. Ametoa wapi?

Mara nyingi ni kwa kochi ya sebuleni, wakati wa taarifa ya habari. Pole, lakini wa miaka 7 haundi hayo maneno mwenyewe. Saa zingine ni kwetu pia, mwalimu anatania "nyinyi watu wa kupenda pesa" ama "nyinyi watu wa samaki" na darasa lote linacheka, na yule mtoto mmoja anacheka pia juu hana lingine la kufanya.

Usimsimamishe paredi aombe msamaha mbele ya shule nzima, atajifunza kuficha tu. Mwite kando, muulize hilo neno lina maana gani, wengi hawajui. Na shuleni tunabadilisha madawati kila nusu muhula ili marafiki wa ploti moja wasikae pamoja mwaka mzima.

Watoto waambiwe mambo ya 2007/2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi?

Hili ndilo linagawanya stafurumu. Wengine wanasema tusifukue makaburi. Mimi nasema waambiwe, Gredi 5 na 6, juu hakuna hata mmoja wao alikuwa amezaliwa na wanayasikia nyumbani hata hivo, kila nyumba na toleo lake ambalo wabaya ni wale wengine.

Hapa Nakuru vita vilifika Januari 2008, familia zikahamia showground na kukaa kwa mahema. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa nchi nzima. Nafundisha hivyo, idadi, mahali, miaka. Sisemi kabila gani lilifanyia lingine nini, juu ukianza hapo watoto wataangaliana kwa madawati, na kusema kweli kila upande uko na maiti zake na wahalifu wake.

Hadithi inayowashika ni ya mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Masomo ya bure ya shule ya msingi yalianza 2003, na Januari 2004 mzee wa miaka 84 akajiandikisha darasa la kwanza Kapkenduiyo, kwa yunifomu ya kaptula na soksi ndefu. Hizo vurugu zikamhamisha, akaishi kambini, na bado akaendelea kwenda shule. Alifariki 2009. Watoto wanauliza maswali mengi hapo: nani alimfukuza? alikuwa amekosea nini? Hapo ndipo napita kwa yaliyofuata, sheria ya 2008 iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, halafu Katiba ya 2010.

Onyo moja. Kuna mtoto ataanza kusimulia yaliyompata babu ama shangazi yake. Mwache amalize, usimsahihishe, usimgeuze mfano wa somo, na jioni mpigie mzazi umwambie yameguswa.

Na jamii ndogo ambazo hazimo sana kwa vitabu?

Nakuru tuna Waogiek wa msitu wa Mau, huko Nessuit na Mariashoni. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ilivunja haki zao za ardhi, na hilo ni somo zuri la uraia la kwetu kabisa. Kisumu wako Wanubi wa Kibos. Wafundishe, ila usimsimamishe mtoto mmoja wa jamii hiyo aeleze kabila lake lote, hajatumwa na mtu.

## Kura za wanafunzi

Prefekti achaguliwe na walimu ama na watoto?

Na watoto. Walimu wakichagua wenyewe wanachagua mtoto wa mwalimu, wa mwenyekiti wa BOM (bodi ya usimamizi wa shule), ama anayeongea Kiingereza vizuri, kila mtu anajua hivo.

Venye tunafanya: masharti yanatangazwa mapema na yanahusu mwenendo tu, hayagusi pesa wala alama. Kila kiti kiwe na wagombea wa jinsia zote, na kama kiranja ni mvulana naibu ni msichana, ama kinyume. Sanduku ni katoni ya unga iliyokatwa mdomo na kufungwa selotepu. Watoto wa chini wanapiga kura kwa alama, mmoja ni jua, mwingine ni samaki, mwingine ni mti, kwa sababu hawajui kusoma majina vizuri. Kuhesabu kunafanywa mbele ya wote, mtoto mmoja anainua karatasi juu, anasoma, mwingine anachora vijiti ubaoni, vinne na cha tano kinakata katikati. Ajenti wa kila mgombea amesimama hapo karibu. Kura ikiharibika inaonyeshwa kwa nini imeharibika. Kelele zitakuwa nyingi na itakula zaidi ya kipindi kimoja, panga hivo.

Aliyeshindwa apewe kazi, hasa ya kuuliza maswali kwa baraza la wanafunzi. Huyo usipomshughulikia utamwona kwa nyuma ya darasa akipinga kila kitu mpaka muhula wa tatu.

Mgombea alinunulia darasa mandazi. Je, afutwe?

Mwaka huo ambao hamkuwa mmesema ni makosa, msimfute. Uliza darasa kwanza: ukila mandazi yake lazima umpigie kura? Utashangaa ubishi utakaotoka, wengine watasema wamekula na hawatampigia, wanasheria wadogo hao. Kuanzia hapo sheria iwe wazi: hakuna kugawa kitu, na hakuna kuahidi ambacho mtoto hana uwezo nacho. Tulishapata aliyeahidi kuondoa homuweki.

Walimu wanaweza kukataa aliyeshinda?

Kwa masharti yaliyotangazwa kabla tu. Ukimkataa kwa sababu ni mtundu umewafundisha kwamba kura ni mchezo wa kuigiza, na hilo somo halitatoka.

## Nidhamu na usalama

Mimi kama mzazi nimewaruhusu mumchape. Shida iko wapi?

Ruhusa yako haina nguvu. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa ama kumdhalilisha mwanafunzi, kwa mwili ama kwa akili. Hiyo ya akili pia inashika matusi, kupiga magoti kokoto na kuitwa mjinga.

Najua walimu bado wanachapa, na najua darasa likiwa limejaa watoto wa kila aina mkono unawasha. Lakini huwezi kufundisha haki ya kijamii saa nne na fimbo iko juu ya meza. Adhabu iendane na kosa: umemwaga maji, piga deki. Umerarua kitabu, kigundishe. Umemtukana mwenzako, mnakaa mezani wawili mpaka umsikilize. Hiyo ya mwisho wanaiogopa kuliko kiboko.

Mtoto amenyanyaswa na mwalimu ama mtu mwingine. Niripoti wapi?

Kama ni maneno ama upendeleo, anza na mwalimu wa darasa, halafu hedi, halafu BOM, ambayo ina wazazi 6 waliochaguliwa na wazazi, halafu ofisi ya kaunti ndogo ya TSC, tume inayoajiri walimu. Andika tarehe.

Kama ni dhuluma ya kingono usipitie kwa mtu yeyote hapo juu. Nenda hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita kwa sababu ya dawa za kuzuia virusi, usimwoshe mtoto wala kufua nguo zake, na polisi siku hiyo hiyo. Simu 116 ya watoto ni ya bure. Wazee wakija na mbuzi ama pesa ya kumaliza maneno, hiyo kesi si yao kumaliza.

## Kesi ngumu

Shule ni ya kanisa na mtoto wangu si wa kanisa hilo. Anaweza kulazimishwa?

Shule nyingi huku zina sponsa, Wakatoliki, ACK, Waadventista, na Maquaker tangu Kaimosi 1902. Sponsa ana viti kwa BOM lakini shule ikiwa ya umma inapokea kila mtoto, na hakuna wa kulazimishwa kushiriki ibada kinyume cha imani yake. Kwa Wasabato, Mahakama ya Rufaa 2017 iliwapa haki, shule isiwalazimishe masomo Jumamosi. Kwa Rasta, Mahakama Kuu 2019 ilisema msichana wa Nairobi asifukuzwe shule kwa sababu ya nywele zake. Hijabu ndio haijatulia: Mahakama ya Juu 2019 ilitupa uamuzi uliokuwa umeiruhusu kwa shule moja ya Isiolo, kwa sababu za utaratibu, ikashauri wizara itoe mwongozo. Mpaka hapo, ongea na hedi mapema kabla mtoto aripoti, usingoje azuiwe getini.

Shule inasema haiwezi kumchukua mtoto mwenye ulemavu.

Mwombe hedi aandike hivo kwa barua. Mara nyingi nafasi inapatikana hapo hapo. Halafu mpeleke kituo cha EARC cha kaunti ndogo yako, huko anapimwa na wanasema kama atafaa shule ya kawaida ikiwa na msaada ama shule maalum kama ile ya viziwi ya Ngala hapa Nakuru ama Joyland kule Kisumu. Kifungu cha 54 cha Katiba pia kinataka aitwe kwa heshima, kwa hivyo yale majina ya utani ya ulemavu tunayakomesha siku ya kwanza, hata yakitoka kwa walimu.

Mtoto anarudishwa nyumbani juu ya pesa za tuisheni ama za chakula. Ni haki?

Karo haiko, serikali inatuma kapitesheni ya shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, ambayo ni kidogo na huchelewa, ndio maana shule zinatafuta pesa kwa wazazi. Naelewa. Lakini kusoma majina ya wasiolipa paredi ni kumdhalilisha mtoto kwa deni ambalo si lake. Deni ni la mzazi, apigiwe simu mzazi.

Hana cheti cha kuzaliwa.

Aingie darasani kwanza, cheti kitafutwe akiwa anasoma. Nenda kwa chifu na kadi ya kliniki kama unayo, uanze usajili wa kuchelewa. Anayepata shida sana hapa ni mtoto analelewa na nyanya, kwa hivyo mwalimu wa darasa amsaidie nyanya kujaza fomu, si kumrudisha mara nne.

Baba Mluo, mama Mkikuyu, wanaishi Free Area hapa Nakuru. Akiulizwa kabila aseme nini?

Aseme anachotaka, na akitaka anyamaze. Darasani hatuhitaji hilo jibu kwa kitu chochote, na kama kuna fomu ya shule inauliza kabila, muulize hedi inatumika wapi. Kwa mradi wa lugha wa Gredi 4 tunauliza lugha gani zinaongewa nyumbani, na nafasi ni zaidi ya moja. Watoto kama huyu huandika tatu, wengine nne wakihesabu Sheng, halafu wenzao wanaanza kulalamika kwamba wao wana mbili tu.